Anayebanwa Kifua Hapigi Kelele: Vihisi vya Usalama kwenye Majukwaa ya Kazi ya Juu

Kwa Mrombo, upande wa kusini wa jiji la Arusha, ni mahali ambapo wakazi wengi wa jiji hupajua kwa nyama choma. Anayepita huko siku ya kazi, hata hivyo, huona ujenzi kuliko moshi wa majiko. Fremu za maduka, nyumba za kupanga na ghorofa za kwanza na za pili zinapanda kila upande, na pembeni mwa kila ukuta imesimama mirunda iliyofungwa kwa kamba na misumari, ikiwa na mbao mbili au tatu za kukanyaga. Fundi hupanda na ndoo ya zege begani, na saidia fundi humfuata. Hakuna reli ya kinga, na aghalabu hakuna mkanda.

Katika miradi mikubwa mambo yameanza kubadilika. Maghala, majengo marefu, kazi za umeme na ujenzi wa viwanja kama ule wa Arusha kwa ajili ya AFCON ya mwaka 2027 ni kazi zinazohitaji mashine za kunyanyulia watu. Hizi ni mashine zenye kikapu cha chuma kilichoshikwa na mkono mrefu wa haidroliki, au jukwaa lililokaa juu ya vyuma vinavyokunjuka kama mkasi. Fundi husimama ndani ya kikapu na kujiendesha mwenyewe: kupanda, kushuka, kwenda mbele au kurudi nyuma. Kwa kuwa kikapu kina reli pande zote, wengi hudhani hatari imekwisha. Hatari ya kuanguka imepungua kweli, lakini mashine hiyo imekuja na hatari nyingine, ambayo mhudumu wa afya asiyeijua anaweza kuipita bila kuitambua kwa mgonjwa aliyelala mbele yake.

Jinsi mtu anavyobanwa

Mfano utasaidia. Fundi rangi yuko ndani ya kikapu, chini ya boriti ya zege ya ghala. Anataka kusogea kidogo nyuma. Anainama juu ya paneli ya vidhibiti ili aone magurudumu, anavuta wenzo, na kikapu kinapanda badala ya kurudi, au kinarudi kwa kasi kuliko alivyotarajia. Boriti inamgusa mgongoni. Mwili wake unasukumwa mbele, kifua kinalala juu ya paneli, na tumbo au mkono unauegemea wenzo ule ule aliokuwa akiuvuta. Sasa mashine inapata amri ya kuendelea, na anayeitoa amri hiyo ni mwili wa mtu anayebanwa. Kadiri anavyobanwa ndivyo anavyozidi kuusukuma wenzo, na kadiri wenzo unavyosukumwa ndivyo anavyozidi kubanwa.

Watengenezaji wa mashine hizi waliwahi kuamini kwamba pedali ya mguu ingetosha. Mashine haiendi mpaka pedali ikanyagwe, na mguu ukiondolewa mashine husimama. Hoja hiyo ina akili ndani yake, ila haikumjua vya kutosha mtu aliyeshikwa na hofu. Mtu anayebanwa ghafla hukaza misuli yote, na mguu wake hukanyaga zaidi badala ya kuachia. Wapo pia wanaoweka tofali juu ya pedali ili wasichoke mguu, na hao wameiondoa kinga hiyo kabla hata ya kupanda.

Ndipo, katika miaka ya 2010, zilipoenea mashine zenye mfumo wa kumtambua mwendeshaji aliyebanwa. Ulioenea zaidi ni upau au waya uliopitishwa mbele ya paneli ya vidhibiti, kwenye usawa wa kifua. Ndani yake au nyuma yake kuna kihisi cha mgandamizo. Mwili ukiulalia, kihisi hukata amri zote za mwendo hata kama wenzo bado umesukumwa na pedali bado imekanyagwa. Katika baadhi ya mashine, kikapu hurudisha kwa muda mfupi mwendo wa mwisho kilioufanya, ili kumpa mtu nafasi ya kupumua. Kisha king'ora hulia na taa humulika.

King'ora hicho kina maana kubwa kuliko kinavyoonekana. Mtu aliyebanwa kifua hapigi kelele. Sauti hutokana na hewa inayotoka mapafuni, na kifua kisichoweza kupanuka hakina hewa ya kutoa. Walio chini huendelea na kazi zao mita 10 tu kutoka kwa mwenzao anayekufa, wakidhani ameinama kutazama kitu. Ndiyo maana mashine imepewa sauti ya kulia kwa niaba yake.

Vipo vihisi vingine. Kimoja hupima uzito ulio ndani ya kikapu na kuikataza mashine kupanda ikiwa mafundi na mizigo yao wamezidi kiwango. Kingine hupima mwinamo wa mashine: ardhi ikiwa na mteremko uliozidi, king'ora hulia na mkono hukataa kunyanyuka. Katika mitaa iliyo kwenye miteremko ya Meru, na hasa wakati wa masika udongo unapolowa na kutitia chini ya gurudumu moja, kihisi hicho kina kazi ya kutosha. Baadhi ya mashine mpya zina vihisi vinavyotazama juu ya kichwa cha mwendeshaji na kupunguza kasi boriti inapokaribia, na nyingine hutambua kama kamba ya mkanda wa usalama imefungwa au la. Kwa kawaida, hata hivyo, hakuna kati ya vihisi hivi kinachoitambua waya ya umeme. Kikapu cha chuma kikisogea kwenye laini ya kilovolti 11 au 33 mashine haitasema lolote.

Kinachotokea mwilini

Kifua au sehemu ya juu ya tumbo inapobanwa kwa nguvu, mambo mawili hutokea kwa pamoja. La kwanza ni kwamba kiwambo na mbavu hushindwa kusogea, hivyo hewa haiingii. La pili halifahamiki sana. Mtu anayehisi anabanwa huvuta pumzi na kuifungia kooni, na shinikizo ndani ya kifua hupanda mno. Damu iliyokuwa ikirudi moyoni husukumwa nyuma kupitia vena kubwa ya juu hadi shingoni na kichwani. Vena za kichwa na shingo hazina vali za kutosha kuizuia damu hiyo, na mishipa midogo kabisa hupanuka na kupasuka.

Matokeo yake ni sura isiyosahaulika kwa aliyewahi kuiona. Uso na shingo huvimba na kuwa na rangi ya zambarau iliyokolea, ngozi hujaa vidoa vidogo vya damu, na weupe wa macho huwa mwekundu kwa damu iliyovuja chini ya utando wa jicho. Alama hizi huishia karibu na mabega, na chini ya hapo mwili huonekana wa kawaida. Daktari Mfaransa Ollivier aliziandika mwaka 1837 baada ya kuchunguza maiti za watu waliokanyagana katika umati mjini Paris.

Vitabu vingi vinavyofundishia hali hii vina picha za watu weupe. Kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi, rangi ya zambarau huweza kuonekana kama weusi wa kawaida uliokolea kidogo, na vidoa vya damu hupotea kabisa machoni pa mhudumu mwenye haraka. Inampasa basi atazame mahali ambapo rangi ya ngozi haifichi. Avute kope za chini na za juu autazame utando wa macho, afungue midomo atazame ndani yake na kaakaa, kisha atazame nyuma ya masikio. Damu machoni kwa mtu aliyetoka kwenye ujenzi isihesabiwe kuwa ni vumbi la saruji mpaka maswali ya msingi yameulizwa.

Muda ndio huamua. Ubongo uliokosa oksijeni huanza kupata madhara yasiyorekebika baada ya dakika takriban 4 hadi 6. Mtu aliyebanwa kwa dakika moja na kuachiliwa huweza kuwa na uso wa kutisha na bado akapona vizuri. Aliyebanwa muda mrefu zaidi huenda akaletwa akiwa amechanganyikiwa, ana degedege au haoni vizuri. Uso wenyewe hauhitaji tiba. Kinachohitaji tiba ni mapafu, moyo, ubongo na uti wa mgongo vilivyo nyuma yake: nguvu iliyotosha kuirudisha damu kichwani inatosha pia kuvunja mbavu, kutoboa pafu, kuuchubua moyo na kupasua ini au wengu. Mgonjwa apewe oksijeni mapema, kichwa cha kitanda kiinuliwe kwa nyuzi 30 kama hakuna shaka ya jeraha la mgongo au mshtuko wa kupoteza damu, apigwe picha ya kifua na apimwe umeme wa moyo pale vifaa vinapopatikana. Hata akisema anajisikia vizuri, asiruhusiwe kuondoka siku hiyo hiyo bila kuangaliwa kwa saa kadhaa, kwa kuwa mapafu yaliyochubuliwa huweza kuonekana mazima mwanzoni na kushindwa kazi baadaye.

Kihisi hakishushi mtu

Hapa ndipo mafunzo mengi ya usalama hukatikia, na si mahali pazuri pa kukatikia. Kihisi kikifanya kazi yake, mashine husimama. Mtu bado yuko juu, pengine bado amebanwa kwa kiasi, pengine amezimia. Kila mashine ya aina hii ina vidhibiti vya pili vilivyo chini, na ina valvu au pampu ya mkono ya kushusha kikapu hata injini ikiwa imezimika. Vimewekwa kwa ajili ya dakika hizi. Lakini vina faida tu ikiwa yupo mtu chini anayejua vilipo, ambaye ana ufunguo na ambaye amewahi kuvitumia. Mahali ambapo fundi mmoja tu ndiye aliyefundishwa mashine, na yeye ndiye aliye juu, mashine yenye vihisi vya thamani haina tofauti kubwa na mirunda.

Kabla ya kupanda asubuhi, mwendeshaji anapaswa kuujaribu upau wa kihisi kwa mkono: auegemee huku akijaribu kusogeza kikapu, na mashine ikatae. Akiujaribu huku mwenzake wa chini akitazama, wote wawili hujifunza mlio wa king'ora hicho. Upau uliofungwa kwa gundi ya karatasi kwa sababu "unasumbua" ni sawa na kihisi kilichokufa.

Jambo jingine linahusu mkanda wa usalama. Fundi aliyetupwa nje ya kikapu au kuteleza pembeni mwa ghorofa huokolewa na kamba yake, kisha huning'inia. Akikaa bila kusogeza miguu, damu hutuama kwenye miguu na nyonga, na moyo hupungukiwa damu ya kusukuma. Huweza kuzimia baada ya muda mfupi, wakati mwingine usiofika hata dakika 10. Akiwa na fahamu, azungushe na kukaza miguu kama anayeendesha baiskeli, au akanyage kitu chochote kilicho karibu, mpaka ateremshwe.

Kuhusu huduma ya kwanza baada ya kuteremshwa, ipo nasaha ya zamani inayoendelea kurudiwa hadi leo: kwamba asilazwe chali bali akalishwe, ili damu isirudi moyoni kwa ghafla ikamwua. Mapitio ya ushahidi yaliyochapishwa na mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza mwaka 2009 hayakuona msingi wa nasaha hiyo. Aliyezimia alazwe kama mgonjwa mwingine yeyote aliyezimia, njia ya hewa ilindwe, na upumuaji na mzunguko wa damu uangaliwe. Kumkalisha mtu aliyezimia ndiko kunakoweza kumdhuru.

Mirunda haina kihisi

Mafundi walio wengi wa Kwa Mrombo hawatapanda mashine yenye vihisi mwaka huu wala mwakani, na kwao hatari iliyo kuu bado ni kuanguka. Uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa wa hospitali ya KCMC, Moshi, juu ya majeraha ya uti wa mgongo kaskazini mashariki mwa Tanzania uliona kwamba kuanguka ndiko kulikoongoza, mbele hata ya ajali za barabarani. Wapo humo walioanguka kutoka mitini, na wapo walioanguka kutoka kwenye majengo.

Urefu hudanganya. Mtu anayeanguka mita 3, yaani paa la nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa, hufika chini katika muda usiotimia sekunde moja, akiwa na mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa. Akianguka mita 6, mwendo huo hufika karibu kilomita 39. Mwongozo wa Marekani wa kuchagua majeruhi wa kupelekwa kwenye vituo vya majeraha makubwa ulikuwa ukitaja futi 20 kwa mtu mzima, na uliporekebishwa mwaka 2021 ukashushwa hadi futi 10, ambazo ni kama mita 3. Kwa kipimo hicho, fundi aliyeanguka kutoka paa la nyumba isiyo na ghorofa ni majeruhi wa kuangaliwa kwa makini, hata kama ameinuka na kujipangusa vumbi.

Kwenye mirunda kihisi kilichopo ni mwenzake. Yuko saidia fundi anayetazama juu, anayeona mbao imesogea, anayeiona kamba iliyolegea baada ya mvua ya usiku, anayetambua kwamba kaka aliye juu hajajibu alipoitwa mara mbili. Kazi hiyo haina mshahara wake, na kwa kawaida hupewa kijana mwenye siku tatu kazini, ambaye pia anatakiwa kuchanganya zege na kubeba maji. Msimamizi anayeweza kumwacha mtu mmoja akitazama tu wakati wenzake wako juu amenunua usalama kwa bei ndogo kuliko mashine yoyote.

Akianguka, jambo la kwanza ni kutomvuta. Anayejua ashike kichwa na shingo visiyumbe, na wengine waite msaada. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114. Pale gari la wagonjwa linapokosekana, watu wa ujenzi wenyewe wana karibu yao vitu vinavyofaa kuliko wanavyodhani: mlango, au ubao wa marine, ni machela nzuri. Watu wanne wamgeuze kwa pamoja kama gogo, mmoja akishika kichwa na kutoa amri, wamlaze juu ya ubao na kuupakia kwenye kirikuu au pikapu iendayo polepole. Kinachofanyika mara nyingi ni kinyume: majeruhi hupandishwa kwenye bodaboda, katikati ya dereva na rafiki anayemshikilia kwa nyuma, mshikaki wa watu watatu wanaoruka kila tuta hadi hospitali. Uti wa mgongo uliopasuka bila kukata neva huweza kumaliza kazi hiyo njiani. Mtu aliyekuwa akisogeza vidole vya miguu kwenye tofali alipoanguka akafika hospitali asivisogeze ni hasara ambayo hakuna upasuaji unaoahidi kuirudisha.

Maswali ya mapokezi

Kituoni, maelezo huanza kwa maneno machache sana.

"Sista, kaanguka tu kidogo. Mgongo unamuuma."

"Poleni sana. Kaka, umeanguka kutoka wapi?"

"Pale kazini tu."

Majibu haya mafupi yana sababu zake. Fundi huogopa kupoteza kibarua, aliyemleta huogopa polisi, na wote wawili huogopa bili. Mhudumu akiandika "ameanguka" katika kitabu cha MTUHA na kuendelea, ameandika neno lisilomsaidia daktari anayefuata. Aulize kwa upole, na ikibidi amtoe nje kwa muda aliyemleta. Alikuwa juu ya nini, na kwa urefu gani ukilinganisha na mlango au paa? Alitua kwa miguu, kwa makalio au kwa kichwa? Juu ya udongo, kifusi au nondo? Je, alibanwa na kitu kabla ya kuanguka, na kwa muda gani? Alikuwa na mkanda, na alining'inia? Mashine ilisimama yenyewe au ilizimwa na mtu? Alizimia? Aliguswa na waya? Swali la mwisho ni muhimu mno, kwa kuwa wapo wanaoanguka kwa sababu walipigwa na umeme kwanza, na moyo wao unahitaji kuangaliwa hata kama kilicholetwa ni mguu uliovunjika.

Aliyetua kwa miguu huonyesha kisigino kilichovimba, na macho yote huenda kwenye kisigino. Takriban mgonjwa mmoja kati ya 10 waliovunjika mfupa wa kisigino ana pingili ya kiuno iliyovunjika pia. Maumivu makali ya mguu huyafunika ya mgongo, hivyo uti wa mgongo wote uguswe pingili kwa pingili mgonjwa akiwa amegeuzwa kama gogo, na picha ipigwe panapouma. Nguvu za miguu, hisia za ngozi na hisia za sehemu ya haja kubwa zipimwe na kuandikwa pamoja na saa ya kupimwa. Kipimo kisicho na saa hakiwezi kuonyesha kama mgonjwa anapata nafuu au anazidi kupoteza.

Shinikizo la damu likiwa chini, tahadhari inahitajika. Jeraha la juu la uti wa mgongo huweza kushusha shinikizo huku mapigo ya moyo yakiwa ya polepole na ngozi ikiwa na joto. Kupoteza damu hushusha shinikizo huku mapigo yakikimbia na ngozi ikiwa baridi yenye jasho. Lakini mgonjwa mmoja huweza kuwa na yote mawili, na tumbo linaloficha damu huua mapema kuliko mgongo. Asihesabiwe kuwa ni mgongo peke yake mpaka tumbo, kifua na nyonga vimechunguzwa.

Mgonjwa asiyesogeza miguu awekewe mpira wa mkojo mapema, na ageuzwe kila baada ya saa 2 tangu siku ya kwanza, hata akiwa anasubiri gari la kumpeleka Mount Meru au KCMC. Kidonda cha makalio huanza kwa saa chache juu ya ubao mgumu na huchukua miezi kupona. Ndugu wanaomwuguza wafundishwe kumgeuza kabla hawajafundishwa jambo lingine lolote, maana wao ndio watakaofanya kazi hiyo nyumbani.

Haki ya aliyeumia kazini

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi, na inasimamiwa na OSHA. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008 ndiyo iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Mchango hulipwa na mwajiri na haukatwi kwenye ujira wa mfanyakazi. Aliyeumia kazini anastahili matibabu, malipo ya muda asioweza kufanya kazi, fidia ya ulemavu wa kudumu, malipo ya mtu wa kumhudumia akiwa hajiwezi, na huduma za utengemao. Akifariki, wategemezi wake wana haki ya pensheni.

Haki hizo zote hupita katika karatasi, na karatasi ya kwanza huandikwa na mhudumu wa afya. Mahali, tarehe, saa, kazi aliyokuwa akiifanya, urefu na jinsi alivyoumia vikiandikwa siku ile, fundi ana mahali pa kuanzia. Visipoandikwa, miezi sita baadaye mwajiri huweza kusema hakuwa kazini siku hiyo, na fundi anayetembea kwa kiti cha magurudumu hana cha kuonyesha zaidi ya kiti chenyewe. Vibarua wa siku moja huambiwa kwamba hawahusiki. Wasikubali jibu hilo kutoka kwa msimamizi wa ujenzi. Wakaulize wenyewe ofisi ya WCF.

Aliyebanwa akapona, akiruhusiwa kurudi nyumbani, aambiwe mapema kuhusu macho yake. Wekundu ule huwatisha watoto na majirani, na wengine humpeleka kutafuta dawa za macho zisizohitajika. Damu hiyo hunyonywa na mwili yenyewe katika wiki mbili hadi tatu, na vidoa vya usoni hufifia katika muda kama huo. Akianza kukohoa damu, kupumua kwa shida, kuona ukungu, kuumwa kichwa kunakozidi au kushindwa kukojoa, arudi hospitali usiku ule ule.